Majirani wa Kwasa

Mwaka wa 1969, nikiwa na miaka kumi, ndipo shida iliponijua. Baba alikufa mvua ya masika ikianza, na kabla mahindi hayajafika magotini nilikuwa nimetoka darasa la tatu, nachunga ng'ombe wa watu. Sikurudi shuleni tena. Kuandika nilijimalizia mwenyewe, kwa Biblia na magazeti ya kufungia nyama. Nasema haya mapema ili asije mtu akafika katikati akaniuliza nilisomea wapi mambo ya nyota. Sikusomea. Niliambiwa na binti yangu. Mengine niliyaelewa, mengine yalinipita, na nitayaandika vivyo hivyo.

Nilikuja Nairobi kabla sijaota ndevu. Nikabeba mawe, nikachotea wajenzi maji, halafu nikawa namshikia vyuma fundi mmoja wa kuchomelea, mpaka siku moja akaugua na kazi ikabaki mikononi mwangu. Tangu hapo nachomelea. Yale mageti marefu ya chuma ya Lavington, ambayo ukisimama nje huoni hata bati la nyumba, kadhaa ni ya mkono wangu. Hakuna aliyenibeba. Chuma kikikataa kupinda nakipasha moto. Kikikataa tena nakigonga. Nimeishi hivyo, na watoto wanne nimewasomesha hivyo.

Wa mwisho ni msichana. Nilimpa jina la mama yangu mzazi, na kwetu magharibi mtoto mwenye jina la mama yako unamwita mama. Basi namwita mama tangu azaliwe, hata nikiwa namgombeza. Alikuwa na kichwa. Wale wengine niliwasukuma shuleni kama gari lililokwama; huyu alikwenda mwenyewe. Chuo kikuu akachukua fizikia, akaendelea, kisha akaendelea tena, hata majirani wakawa wananiuliza kama masomo hayo yana mwisho. Nikawaambia anasomea udaktari. Mmoja akaja na kidonda chake cha mguu ili akiangalie. Ikabidi nimweleze kwamba huyu si daktari wa sindano, ni daktari wa vitabu. Akanitazama kama mtu aliyedanganywa bei.

Karakana yangu iko Kangemi, chini kidogo ya Waiyaki Way, ukitazama upande wa Mountain View. Nyuma yake ni nyumba yangu na vyumba vya kupangisha, vyote katika ploti moja. Binti alikuwa amechukua chumba cha mwisho ili aandike kitabu chake cha udaktari, kile ambacho wenyewe wanakiita tasnifu. Kompyuta ikimchosha alitoka, akaketi kwenye kreti na kunitazama nikifanya kazi. Siku moja nikainua kioo changu cheusi nikamuuliza kama hicho kitu anachokisoma miaka yote kina jina.

"Kina jina, Baba. Kinaitwa kwasa."

Nikamwambia linafanana na kwashakoo, ule ugonjwa wa watoto wa kuvimba tumbo. Akacheka mpaka akashika kreti. Halafu akanieleza, na siku hiyo alieleza vizuri kushinda mwalimu yeyote niliyempata katika madarasa yangu matatu.

"Chukulia umesimama mlimani kunapoingia giza, taa za Kangemi yote zimewaka," akasema. "Kila balbu ni nyota. Kangemi yote pamoja na balbu zake, hiyo ni galaksi. Katikati kuna shimo jeusi, zito mno, kinachokaribia kinavutwa. Mara nyingi shimo limelala. Lakini gesi ikianza kumiminika huko, haiingii kimya. Inazunguka, inasuguana, inashika moto, inang'aa kuliko balbu zote za mtaa ukizijumlisha. Hiyo ndiyo kwasa. Ni kama wewe ukiwasha mashine yako. Mtu wa Mountain View haoni nyumba, haoni duka. Anaona mwali wako tu."

Hiyo niliipenda. Nikamuuliza sasa ugomvi uko wapi, maana watu hawasomi miaka yote hiyo kama hakuna ugomvi. Akasema ugomvi ni gesi. Nyota huzaliwa na gesi, gesi baridi iliyotulia, inayojikusanya kwa uzito wake yenyewe. Gesi hiyo hiyo ndiyo chakula cha shimo. Kuna wasomi wanaosema galaksi mbili zikigongana, gesi inakorogwa, shimo linakula na nyota zinazaliwa wakati huo huo, kila mtu anashiba. Wengine wanasema kwasa ikishawaka inavuma upepo mkali, inaipasha gesi yote joto na kuifukuza, na pale hakuzaliwi nyota tena. Yeye alikuwa hachunguzi nyumba yenyewe yenye moto. Alikuwa anachunguza majirani, zile galaksi zilizo karibu na kwasa. Je, zinaendelea kuzaa nyota, au moto wa jirani umeziharibia?

Nikacheka, kwa sababu katika ploti yangu kwasa ni mimi. Nikiwasha mashine, balbu za wapangaji zinafifia. Televisheni ya mtu ikiungua, wanasema ni mzee. Friji ikifa, ni mzee. Kuna mama mmoja wa chumba cha pili, mtu wa mdomo, aliwahi kunifuata na sufuria ya wali mbichi akisema umeme wangu umemlaza njaa. Mimi huwa nawajibu hivi: na Jumapili, nikiwa kanisani na mashine imezimwa, mbona taa zinafifia vile vile? Transfoma imezeeka na Kangemi yote imening'inia hapo. Binti akaniambia najua kujitetea.

Siku zile alikuwa na furaha. Alikuwa na picha zilizopigwa na darubini kubwa za nchi za mbali, na katika picha hizo alizitazama galaksi majirani, moja baada ya nyingine, rangi zake. Galaksi inayozaa nyota ina rangi ya buluu, maana nyota changa zina joto kali. Iliyoacha kuzaa ni nyekundu, imebaki na nyota za zamani tu. Akakuta majirani wa kwasa wengi ni wekundu, kuliko galaksi za huko kwingine. Alitoka chumbani mbio na kandambili mguu mmoja. "Baba, nimepata kitu," akasema. Nilikwenda nikalisema kanisani, kwamba mtoto amegundua kwasa inaua majirani. Watu wakapiga makofi, ingawa mzee mmoja alitaka kujua kama kwasa hiyo imeshafika Kenya.

Mimi niliamini papo hapo, na sababu ninayo. Kabla ya Kangemi nilikuwa Westlands, katika kijia kimoja nyuma ya barabara kubwa. Tulikuwa wengi: fundi saa, seremala, mshona viatu, mama wa chakula, na mimi na mashine yangu. Likaja jengo refu la vioo. Mwanzoni lilitulisha. Nilitengeneza vyuma vya ngazi zake mpaka nikaajiri watu. Likafunguliwa, likawaka taa juu mpaka chini, na sisi tukaanza kuisha. Fundi saa akaondoka, halafu seremala, halafu mama wa chakula. Mimi nilikuwa karibu na wa mwisho. Habari hiyo nimeisimulia miaka na miaka, na mwisho wake ni ule ule: jengo lile lilitumaliza. Basi binti aliponiambia kwasa inaharibia majirani, nilimwambia mimi sihitaji darubini.

Mwaka jana, ule mwezi wa saba wa baridi, akaja karakana akasimama bila kukaa. "Wamekirudisha," akasema.

Kitabu kilikuwa kimesomwa na watahini watatu, na wakasema hakiwezi kupita kilivyo. Arudie kazi kubwa ya katikati na akilete kabla mwaka haujaisha. Asipokileta, au akikileta na wakikikataa tena, basi. Hakuna udaktari, na miaka yote aliyoweka humo haihesabiki popote. Nilimuuliza kosa ni nini, akasema ni refu kulieleza, akarudi chumbani akafunga mlango.

Akawa hatoki. Mama yake anaweka sahani mlangoni, anaichukua ilivyo. Ukimwita anaitikia, lakini sauti ni ya mtu aliye mbali. Mke wangu akaniambia nimwache, hiyo si homa ya kupeleka zahanati. Mimi sijui kumwacha mtu. Nilikuwa natengeneza grili ya dirisha, nikaikata fupi mara mbili, kitu ambacho hakijanitokea tangu ujana.

Sasa, mtoto akirudishwa nyumbani na shule, mzazi anakwenda. Hivyo ndivyo nijuavyo. Kwa wote wanne nilikwenda. Unavaa koti, unavua kofia mlangoni, unamsikiliza mwalimu mkuu akimaliza hasira yake, na mkononi una kuku. Si malipo. Ni kwamba huingii kwa mtu mikono mitupu ukamwomba jambo. Halafu mtoto anarudi darasani. Basi asubuhi moja nikamkamata jogoo wangu mwekundu, nikamfunga miguu, nikamtia kwenye kikapu, nikavaa koti nikaenda mjini. Mke wangu sikumwambia. Aliona kikapu akadhani naenda msibani.

Getini mwa chuo kulikuwa na askari, kijana wa kwetu, nilimjua kwa lafudhi kabla hajamaliza salamu. Akaandika jina langu, akauliza namwona nani. Nikamwambia mwalimu wa binti yangu, anayemsimamia kwa mambo ya nyota. Jogoo akatoa kichwa.

"Mzee, huyu naye ana miadi?" askari akauliza.

"Huyu ni wangu."

"Hapana, nauliza tu. Kwa sababu hapa kwa kitabu kuna nafasi ya mtu mmoja."

Akaniruhusu. Akanielekeza ghorofa ya tatu, akaniambia nimshike mdomo huyo mgeni tukipita maktaba.

Mwalimu alikuwa mama wa umri wa binti yangu mkubwa, mpole, ofisi yake imejaa karatasi mpaka kwenye kiti cha wageni. Alisimama aliponiona, akaniondolea karatasi, akaniita mzee wangu. Nilivua kofia. Nikasema mimi ni baba wa fulani, nimesikia mtoto amerudishwa, nimekuja kusikia makosa yake, na kama ni adabu nitamrekebisha, na kama ni kitu kingine nimekuja kuomba. Nikaweka kikapu juu ya meza. Jogoo akajitikisa, karatasi mbili zikaanguka.

Yule mama hakucheka. Afadhali angecheka. Aliinama akaokota karatasi zake, akakaa polepole.

"Mzee wangu," akasema, "hapa huwa hatuiti wazazi. Na huyo jogoo tafadhali usimwache hapa. Ukimwacha itabidi niandike kwamba familia ya mwanafunzi imeniletea zawadi wakati kitabu chake kinasahihishwa. Nikishaandika, atakayesoma hatajua wewe ni mzazi tu. Ataona kitu kingine."

Nilihisi masikio yanawaka. Miaka yote hiyo ya kubeba kuku, hakuna aliyewahi kuniambia kuku anaweza kumzamisha mtoto. Nikakitoa kikapu mezani haraka. Nikauliza kama nimeshaharibu. Akasema sijaharibu, mradi jogoo anatoka nilivyoingia naye. Akaniambia binti yangu ana akili, kwamba kilichotakiwa kinaweza kufanyika, lakini hakuna mtu wa kumfanyia, hata yeye msimamizi wake haruhusiwi. Nikamuuliza basi mimi nifanye nini. Akafikiri kwa dhati, niliona anafikiri. Akasema, "Kwa kweli, hakuna."

Nilishuka ngazi. Getini nikampa askari yule jogoo, kikapu na vyote, kwa sababu sikutaka kurudi naye nyumbani kuulizwa. Akakataa kwanza, akasema yeye hana cheti cha kumpa mtu. Nikamwambia ndiyo sababu nampa.

Nilipofika Kangemi binti alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, simu mkononi. Mwalimu wake alikuwa ameshampigia, kwa nia njema, asije akalisikia kwa mwingine.

"Baba, umeenda chuo na kuku?"

"Jogoo."

"Mimi nina miaka thelathini na moja."

"Hata ungekuwa na sitini, mama. Mtoto akirudishwa mzazi huenda."

"Sijarudishwa mimi. Kimerudishwa kitabu."

Akaanza kulia, na mimi nikaanza kupanga vyuma ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nikamwambia hao watahini hawajui kitu. Kwasa inaua majirani, na mimi ni shahidi, nimeona jengo lile likitumaliza kwa macho yangu. Nilidhani namtia nguvu. Akajifuta uso kwa kiganja, akakaa kwenye kreti lake. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa hapo tangu baridi ianze.

"Baba, ile njia ingine ya huko Westlands, ile ya nyuma, ambako hakukujengwa kitu. Si kulikuwa na mafundi?"

"Walikuwepo."

"Sasa wako wapi?"

Nikataka kujibu haraka, nikaanza kuwahesabu kwa vidole. Kule kulikuwa na fundi saa mwingine, na washona viatu wawili, na seremala mmoja Mkamba aliyetengeneza vitanda. Waliondoka pia. Saa watu walianza kuangalia kwenye simu. Viatu vikaanza kuja kwa makontena, kikikatika unatupa. Kodi zikapanda Westlands nzima, kwenye jengo na kusiko na jengo.

"Waliondoka," nikasema.

"Kabla yenu au baada?"

"Wakati ule ule."

Hakunisimanga. Alisema kwa sauti ya chini, kama anajisemea. "Hicho ndicho wameniuliza. Wapangaji wakikulaumu kwa stima, unawauliza juu ya Jumapili. Mimi nimeandika kitabu kizima bila kuuliza juu ya Jumapili."

Akanieleza lile kosa refu, na halikuwa refu. Kwasa haikai popote tu. Inapenda kukaa katika galaksi kubwa, na galaksi kubwa hukaa mahali penye msongamano, galaksi nyingi zimebanana. Na mahali penye msongamano galaksi huzeeka haraka hata bila kwasa. Zinanyang'anyana gesi, zinakwanguana, zinamaliza akiba mapema, zinakuwa nyekundu. Yeye alikuwa amelinganisha majirani wa kwasa na galaksi za kila mahali, hata zile zinazokaa peke yake porini. Alitakiwa kutafuta galaksi kubwa kama zile, mitaa iliyobanana kama ile, umbali ule ule, ila katikati shimo limelala. Halafu aangalie rangi za majirani wa huko. Tena wengine aliowaita majirani hawakuwa majirani. Walionekana karibu kwa sababu wako kwenye mstari mmoja wa macho, kama vile kutoka hapa taa ya Ngong inaonekana imeshikana na taa ya dukani. Hao nao awatoe.

Akarudi chumbani. Safari hii mlango aliuacha wazi.

Miezi iliyofuata nilijifunza jinsi mtu mwenye mikono anavyoweza kuwa hana mikono. Nilizima mashine mchana ili umeme usimsumbue. Akatoka akasema, "Baba, chomelea tu, hii ina betri." Nikamtengenezea meza ya chuma, nzito, isiyotikisika, nikaipaka rangi ya buluu. Akanishukuru. Baadaye nikaona ameitandika leso mbili kwa sababu chuma kilikuwa kinamuumiza mikono kwa baridi, na ikimpasa kufagia chini yake hawezi kuisogeza. Nikimuuliza kazi inaendeleaje anasema inaendelea. Nikikaa kimya mama yake anasema namnunia mtoto. Nilisali pia. Lakini sikujua niombe nini hasa. Niombe majirani wawe wekundu? Walishakuwa vile walivyo kabla babu yangu hajazaliwa. Binti mwenyewe alikuwa ameniambia mwanga huo ulitoka huko zamani hata dunia haijawa na majani. Sasa mtu anaombea nini hapo.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua za vuli zimeanza kugonga mabati, alipokuja tena karakana. Nilizima mashine kabla hajasema.

"Imeisha," akasema.

"Kazi?"

"Tofauti. Imeisha yote, Baba. Nikiweka mitaa inayofanana, majirani wa kwasa na majirani wa kusiko na kwasa ni sawa. Wanazaa nyota sawa, wameacha kuzaa sawa. Kwasa haikuwafanya chochote. Ni mtaa wao tu."

Nilikaa chini. Miaka yote ile. Usiku wote ule wa taa ya chumba cha mwisho. Nilimuuliza kama amehakikisha, akasema amerudia kwa njia tatu. Nikasema kile kilichokuja kinywani.

"Peleka ile ya kwanza. Isahihishe maneno, lakini upeleke ile. Ile ilikuwa na kitu."

"Ile ya kwanza si kweli."

"Nani ataenda huko kuangalia, mama?"

"Mimi nimeshaenda," akasema.

Hakusema kwa hasira. Nami nilimwelewa, kwa sababu katika kazi yangu mtu akiniambia nipake rangi juu ya kiungo kibovu ningemfukuza karakana. Lakini huyu alikuwa mtoto wangu, na niliona anatembea mwenyewe kwenda kukataliwa, na mkononi ana karatasi inayosema hakuna.

Kilichoniuma zaidi ni kukosa adui. Shida zangu zote zilikuwa na mtu. Kulikuwa na mwenye ng'ombe, na polisi wa kuomba kitambulisho, na tajiri wa kukataa kulipa geti limeshasimama. Unajua pa kusimama na sauti uitoe wapi. Hapa watahini walisema kweli, mwalimu alikuwa mtu mwema, binti alifanya kazi bila kosa, na hata kwasa yenyewe, niliyoisingizia kanisani mbele ya watu, haikuwa na hatia. Jengo la Westlands pia nimeacha kulisema. Juzi kijana mmoja aliniomba nimsimulie vile lilitumaliza, nikamwambia sijui kama ni lenyewe.

Alikipeleka kitabu kabla ya Krismasi. Humo ameandika alichokikuta, kwamba hakuna tofauti, na akaeleza kwa nini wengine kabla yake huenda waliona tofauti, kama yeye alivyoiona. Mwalimu wake alisema kujua kwamba moto haukuunguza jirani nayo ni kazi, kwa sababu sasa wengine hawatapoteza muda kuulaumu. Nililisikia hilo. Sijafika mahali pa kulifurahia.

Mtahini wa kwanza akajibu mwezi wa pili: amekubali. Wa pili akakubali pia, akataka marekebisho madogo. Wa tatu, yule aliyekuwa mkali kuliko wenzake mara ya kwanza, yuko nchi ya ng'ambo, mji wenye theluji. Huyo hajajibu. Chuo kimemwandikia, kimya. Nilimuuliza binti kama anaweza kupigiwa simu akasema hairuhusiwi. Nikamuuliza kama ni mgonjwa, au amesafiri, au ni mtu wa kiburi. Akasema hajui. Mtu huyo sijui sura yake, sijui mlango wake, na hata ningejua, nimeshaambiwa nikae nyumbani.

Siku hizi binti anafundisha hesabu katika shule moja ya watoto wa matajiri Lavington, kwa muda, mpaka jibu lije. Anarudi jioni, anafungua kompyuta kwenye ile meza ya chuma, anatazama, halafu anainua macho kunitafuta na kutikisa kichwa kabla sijauliza. Nami narudisha kioo usoni naendelea na kazi. Kama jibu litakuwa ndiyo au hapana, nitaambiwa kama mtu mwingine yeyote wa ploti.

Leo nilicho nacho ni hiki. Ploti moja Kangemi, hati ina jina langu. Vyumba vya kupangisha, viwili vikiwa vitupu. Mashine mbili za kuchomelea, moja koili yake imekufa. Grainda moja, vaisi moja ya kubania vyuma, nyundo. Shamba dogo huko magharibi, mdogo wangu analilima. Ng'ombe wawili huko huko. Jicho la kulia zima, la kushoto lina ukungu. Mke mmoja. Watoto wanne, wote hai. Koti moja la kutokea. Redio, na baiskeli isiyo na mnyororo.